Mama Katika Picha za Shangazi

Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli ikichanganyika na ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa juani, hasira hunipanda upya. Harufu hizo mbili zilikutana mbele ya kibanda cha Mama Riziki, karibu na soko la mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, ambako jenereta ilinguruma tangu asubuhi na watu wakipanga foleni kushaji simu zao. Mama Riziki alikuwa pia mpiga picha: alikuwa na pazia la maua, kiti kimoja cha plastiki, na midomo isiyomwogopa mtu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na kila baada ya wiki mbili nilitumwa pale na kamera ya nyumbani, ile ndogo ya dijitali ambayo sisi sote tuliiita aparei. Baba ndiye aliyeituma kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, alikokuwa akiuza mawese. Agizo lake lilikuwa moja: tumpigie picha za nyumbani, za siku za kawaida, tumpelekee kadi yake ya kuhifadhi picha kwa nahodha wa boti la mizigo, naye atarudisha kadi nyingine tupu. Kwetu mgeni akifika, kabla ugali haujaiva, hupewa albamu ashike ili asikae kama jiwe. Baba naye alizichapisha zile picha na kuziweka katika albamu, na wageni wake wa Kigoma wakaijua nyumba yetu kwa kuifunua.

Sasa sikiliza aliyekabidhiwa kamera. Alikabidhiwa shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa ameachika huko Lweba akaja kukaa kwetu na binti yake Asha. Shangazi hakumpenda mama tangu siku ya ndoa. Alimwita mtu wa mlimani kwa sababu kwao ni Fizi-Centre, kana kwamba kuzaliwa kando ya ziwa ni cheo. Alimpigia baba simu mbele yetu, bila haya, akimhimiza aoe mke mwingine: «Kaka, we iko mwanaume, tafuta bibi mwingine huko. Huyu hajue hata kujitunza. Angalia picha, utaona.» Na tulijua kwamba Kigoma kulikuwa na binti wa mwenye maboti, ambaye jina lake lilianza kutajwa kwetu kila kukicha. Mama alikuwa akingoja kujua kama angebaki mke wa nyumba ile au angefungasha nguo zake na sisi watoto wanne tubaki tukilelewa na ulimi wa shangazi. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya ile kadi ndogo kama ukucha.

Na picha zenyewe, loo! Shangazi alijipiga yeye na Asha kwenye kivuli cha ukuta saa za jioni, kanga mpya, mafuta usoni, kila kitu shwari. Ikifika zamu ya mama, alimwita saa sita mchana kutoka jikoni, macho yakitoka machozi ya moshi, akamsimamisha ziwa likiwa nyuma yake linang'aa, uso wake ukatoka mweusi tii kama sufuria. Au alimkata juu ya nyusi. Au alimngoja atafune. Mama alizitazama kwenye kioo kidogo akacheka kidogo, akasema, «Wifi hajue mashine, tumuache tu,» kisha akarudi kwenye kuni zake. Nami nilimwamini mama, mpaka siku ya Idd. Siku hiyo mdogo wangu alianguka na sahani ya pilau, mama akacheka kwa sauti, kitambaa cha kichwa kikateleza, na shangazi, pengine kwa bahati mbaya, akabonyeza. Ilikuwa picha ya mwanamke mzuri. Niliiona kwa macho yangu nikiwa nyuma ya bega lake. Akaitazama muda mrefu, akabonyeza kitufe chenye alama ya pipa la takataka, na mama akapotea. Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi. Sikulia. Nilikwenda nyuma ya choo nikaapa kwamba nitamlipa.

Kulipa kunahitaji kujua, nami sikujua kitu. Kwa hiyo nilipotumwa kushaji, nilibaki kibandani kwa Mama Riziki na kumuuliza maswali mpaka akachoka. Alikuwa akinifundisha huku akifokea wateja. Kwanza alinichapa kofi mkononi kwa kufuta kioo cha kamera na pindo la gauni lenye mawese. «Kitambaa safi! Unamupaka muntu mafuta kwa macho?» Aliniambia ziwa lisiwe nyuma ya mtu kamwe mchana, litamla uso, mtu akae mlangoni, ndani kidogo, auelekee mwanga, na ile taa ya kamera izimwe. Aliniambia nisogee hatua mbili, halafu nikidhani nimesogea vya kutosha, nisogee nyingine. Nibonyeze nusu nisubiri kisanduku cha kijani kitokee kwenye kioo, ndipo nimalizie. Mtoto nimpigie nikiwa nimepiga magoti, mtu mzima nimpigie akiwa na kazi mkononi, na nisihesabu moja, mbili, tatu, maana wakihesabiwa watu wetu husimama kama wanaosubiri kusomewa hukumu. Nilivishika vyote kichwani kuliko nilivyoshika sura yoyote ya Kurani chuoni. Chuki ni mwalimu mzuri, asikudanganye mtu.

Njia ya kumpata shangazi aliniachia mwenyewe. Alizichagua picha, akafuta alizotaka, halafu akanipa kamera niipeleke ishajiwe, kwa sababu aliogopa kuvunja kucha zake kwa kutoa kadi. Mama Riziki ndiye aliyeitoa na kuitia katika bahasha ya nahodha. Basi kati ya macho ya shangazi na ile bahasha nilikuwepo mimi. Wiki ile nilishaji kamera kwa saa moja tu, nikairudisha nyumbani chini ya gauni. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele huku akimsimulia mdogo wangu mambo ya utoto wake. Nikapiga magoti. Nikasogea, nikasogea tena. Nilimpiga mara kumi na mbili na hakujua mpaka ya mwisho, aliponiona akauficha uso kwa kiganja huku akicheka. Nilipokuwa nikitaka kuondoka, shangazi akatoka chumbani, akafunua sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo aliyopika mama, akaonja, na kuimwaga yote uwanjani mbele ya kuku. «Hii ni chakula ya muntu?» Mama akainama kuokota mfuniko. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nikasubiri kisanduku cha kijani, nikabonyeza: shangazi mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka, sufuria imeinamishwa, na mama miguuni pake. Ilikuwa picha kali, kila kitu kilionekana. Jioni hiyo nilikimbia hadi kibandani, na Mama Riziki alipoiona aliwaacha wateja, akaitoa kadi, akaitia katika bahasha na kuifunga kwa gundi.

Baba alikuja bila kutuma neno, siku ya kumi na moja tangu kadi iondoke. Hakula. Aliketi, akatoa picha mbili zilizochapishwa, akaziweka juu ya meza ndogo, ya mchele na ya sombe, akamuuliza dada yake kama alikuwa na la kusema. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: shangazi alilia kwamba ameaibishwa, kwamba ni mchezo wa mtoto, kwamba picha hudanganya. «Zote?» baba akauliza. Kabla ya juma kwisha alikuwa amepanda pikipiki na mabegi yake kwenda kwa kaka yao mwingine, kule kule Fizi-Centre, mlimani alikokudharau, na jina la binti wa mwenye maboti halikutajwa tena. Nilisimama barabarani nikamwangalia mpaka vumbi likatulia. Nilifurahi, sitadanganya. Asha alikuwa nyuma yake ameshika godoro, rafiki yangu pekee wa kuruka kamba, na hakunipungia mkono. Hilo liliniuma kwa siku chache, halafu nikalizoea.

Siku hizi Baraka kila mtu ana simu, na kila simu ina kamera bora kuliko ile aparei yetu. Watu hupiga sahani ya samaki, viatu, mbuzi wa jirani, na wiki ijayo hawakumbuki. Sisi kadi yetu ilitosha picha mia mbili tu, na ndani yake ndoa ya mtu. Baba ameshatangulia mbele ya haki. Shangazi amezeeka, magoti hayamsikilizi, na mama, ndiyo, mama mwenyewe, ndiye aliyetuma watu wamlete arudi kukaa kwetu. Anampikia uji, anamkanda miguu. Mimi hufika kila Ijumaa na kumsalimu shangazi kwa heshima yote, shikamoo na kila kitu, na moyoni sijasamehe hata robo.

Mwezi uliopita Asha, ambaye sasa yuko Amerika, aliomba picha ya mama yake. Nilimweka shangazi mlangoni, ndani kidogo, nikamgeuza kwenye mwanga, nikampa kunde za kumenya ili mikono isahau kamera. Nilimpiga vizuri kuliko nilivyowahi kumpiga mtu yeyote, na nilifanya hivyo kwa makusudi. Akauliza kwa sauti ndogo, «Nimetoka muzuri?»

«Umetoka muzuri, shangazi,» nikamwambia. «Hivi ndivyo ungemupiga mama.»

Alimenya kunde mbili, tatu. «Nilikuwa najua kupiga, mwanangu,» akasema. «Nilijua sana.»

Wee! Nikamgeukia mama, aliyekuwa anafagia uwanja, nikijisikia mshindi. «Mama, umesikia? Miaka yote hii unaniambia hakujua mashine!»

Mama hakuacha kufagia. «Hata mi nilijua anafanya makusudi,» akasema. «Tangu picha ya kwanza. Ningesema, baba yako alikuwa lazima achague, dada ao bibi. Na mi sikukuwa na hakika atachagua nani.»