Eksirei za Upepo wa Jua Kwenye Ngazi za Bwalo

Siku ya kwanza nilipoingia kazini kama mwalimu wa fizikia, huko Siongiroi, mwalimu mkuu alinikabidhi sumaku, betri iliyovuja na ufunguo wa chumba alichokiita maabara. "Vifaa vingine viko kwa kichwa yako, Mwalimu Koros," akaniambia. Hivyo ndivyo tulivyofundisha, nyinyi mnaofundisha kwa kompyuta.

Baadaye nikahamishiwa shule ya wasichana karibu na Chepseon. Mwalimu mkuu wa huko, mama mkali lakini wa haki, aliniita ofisini kabla sijatua mizigo.

"Wasichana wanaogopa fizikia. Mwisho wa mwaka naiondoa, tubaki na biolojia."

Nikamsihi angoje kongamano la sayansi la wilaya. "Mkishinda, inabaki," akasema.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Katika semina ya walimu mjini Kericho, mhadhiri alitueleza habari mpya: setilaiti ilikuwa imeona eksirei zikitoka kwenye nyota yenye mkia, kitu cha barafu! Chanzo chake kilikuwa upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zenye umeme unaotoka juani bila kukoma. Wanasayansi walikuwa wameanza kusema huenda jambo hilohilo linatokea hapa karibu na dunia. Nilirudi shuleni damu ikinichemka.

Kazi ya kulieleza jambo hilo kongamanoni nilimpa Chelangat wa kidato cha tatu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Tukatumia ngazi za bwalo. Wenzake walisimama juu wakishika mipira. Wao walikuwa hidrojeni, gesi nyepesi inayoizunguka dunia mbali juu ya hewa tunayovuta, na kila mpira ulikuwa elektroni. Chelangat alikuja mbio mikono mitupu, kwa kuwa yeye alikuwa oksijeni ya jua, iliyopokonywa karibu elektroni zake zote na joto kali. Akanyakua mpira, akauachia, ukadunda ngazi hadi ngazi. Kila ulipodunda darasa lilipaza sauti, "Eksirei!" Elektroni iliyonyakuliwa huwa na nguvu ya ziada, na ikishuka huitoa kama mwanga usioonekana kwa macho. Hizo ndizo eksirei laini, yaani zenye nguvu ndogo.

Mwalimu mkuu akatoka ofisini. "Mwalimu, hii ni fizikia ama mnacheza mpira wa kati?"

"Ni fizikia, madam. Karibu ushike elektroni."

Alijizuia kucheka, lakini alisimama pale hadi kengele ikalia.

Kwenye kongamano, jaji mkuu alimkazia Chelangat macho. "Kama eksirei ziko hapo juu, mbona hospitali zinanunua mashine?"

Nilishika kiti kwa mikono miwili.

"Hizi ni laini, sir. Hewa inazimeza kabla hazijatufikia, kama manyunyu yanayoishia kwa majani ya chai, chini kukabaki kukavu. Ndiyo maana zinaonwa na setilaiti."

Jaji aliweka kalamu chini, akapiga makofi. Tukatwaa kombe! Lori la shule liliingia Chepseon likitikisika kwa nyimbo, na asubuhi gwaridani mwalimu mkuu akatangaza, "Fizikia inabaki. Na msichana yeyote asiniambie ni ya wavulana."

Chelangat mwenyewe sasa anafundisha somo hilo upande wa Bomet. Watu huniuliza kama siulilii ujana wangu uliopotelea chaki. Siku niliyostaafu, wasichana wa fizikia hawakutosha darasani. Wengine walisomea dirishani. Nilimkabidhi mwalimu mgeni chaki, nikatoka getini nikitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.