Mama Mkwe Kiti cha Mbele

Wanaume wa kujisifu nimewaona tele hapa Agadez. Wa kusifiwa ninaye mmoja tu: Ghumur, mume wangu, dereva wa lori la chumvi. Anayebisha na aje tubishane.

Mama yangu, Asalama, hakumtaka. Sisi ukoo wetu ni wa ngamia, na yeye anaendesha bati. Mjomba wangu wa Bilma alipomwoza binti yake, mama akatangaza: "Nitapanda hilo bati lake. Nikiuona mdomo wa mumeo, nakurudisha nyumbani wewe na hema lako." Kwetu hema ni la mke; likiondoka, mume hulala na nyota.

Na mwanamume mwenye haya hashushi kilemba mdomoni mbele ya mama mkwe. Hali, hanywi, wala hamsemeshi. Sasa mpakie mama mkwe huyo kiti cha mbele, jangwa zima la Tenere!

Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Ghumur alizungumza na usukani: "We usukani, kuna shimo mbele, watu wajishike." Mama akakijibu kioo: "We kioo, mwambie bwana wako mgongo wangu si gunia." Mimi katikati yao, mbavu sina.

Lakini kila Ghumur aliposimamisha gari akaenda nyuma kunywa maji, mama naye alikumbuka kunyoosha miguu huko huko.

"Mama, mwache anywe!"

"Kwani nimemshika? Jangwa ni la Mungu."

Jua la utosi likatukuta tumezama mchangani. Ghumur akachimba, akatia mabati chini ya matairi, lori likazama zaidi. Mama kakaa kivulini, kamkodolea macho. Koleo la kuchimbia likamponyoka mume wangu. Nikamkimbilia na kibuyu cha uji wa uwele.

"Kunywa, baba! Hema na lipotelee mbali!"

Akatikisa kichwa. Sauti ilikuwa imemkauka. "We koleo, mwambie mke wangu hema lake halitoki."

Akachimba tena, kisha akaanguka. Nikamgeukia mama, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Alininyang'anya kibuyu, akakiweka karibu na goti la Ghumur, akatugeuzia mgongo, akajifunika shela uso mzima na kuketi juani.

"We mchanga," akasema, "mwambie mwanangu anywe. Mimi leo kipofu."

Nikamsikia Ghumur akigugumia uji mpaka tone la mwisho. Mama hakugeuka mpaka lori liliponguruma.

Tulipofika Bilma wanawake walimzunguka mama. "Haya Asalama, tuambie! Mkweo ana sura gani?"

Mama akajifunga shela vizuri, akainua kidevu. "Macho yake nimeyaona. Mdomo, wallahi, sijui hata kama anao."

Vigelegele vilivyopigwa pale, hata Ghumur alizima lori avisikie.