Mafuta ya Nazi Juu ya Boneti

Watu wengi hudhani kazi yangu ni kupaka. Wanakiona kile kichupa kidogo cha dawa ya kukinga rangi, wanaona ninavyoitia kwenye kitambaa na kuipitisha juu ya bodi ya gari, wanasema, "Kumbe ni hivyo tu!" Hapo mimi hukasirika. Kupaka ni saa mbili. Kabla yake kuna siku mbili za kuosha, kusugua, kung'arisha na kupangusa, na hizo ndizo kazi yenyewe. Dawa ile ikikauka huwa ngumu kama kioo, na chochote ulichokisahau chini yake, hata alama ya kidole, kinafungiwa humo humo. Ikikuta mafuta ndiyo balaa kabisa, kwa sababu haishiki. Itang'aa siku ya kwanza, kisha itaanza kubanduka.

Banda langu liko hapa Malindi, nyuma ya nyumba niliyokuwa nikiishi na mama. Magari mengi yamepita pale, ya wenye hoteli na ya wenye kujinyima, lakini lililonitoa jasho kuliko yote lilikuwa gari dogo la buluu, kuukuu, la mfanyabiashara mmoja wa Mambrui. Nilikuwa nataka kumwoa binti yake.

Nilipokwenda kujitambulisha, mzee aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza kwa kirefu, maana kazi yangu naipenda. Alinisikiliza huku akitafuna tende pole pole, kisha akatema kokwa.

"Yaani waosha magari."

Damu ilinipanda. Binti alikuwa mlangoni, akanikazia macho, nikameza mate.

"Si kuosha tu, mzee."

"Basi chukua langu. Ijumaa nitakuja kulitazama, na papo hapo nitakwambia kama ulete wazee au usijisumbue."

Kwetu kijana hajiposei mwenyewe. Wazee wasipokaribishwa, hakuna posa, na pasipo posa hakuna ndoa. Kwa hiyo niliondoka na ufunguo wa gari, na harusi yangu yote ilikuwa inaning'inia kwenye ufunguo ule. Binti alinisindikiza hadi nje. "Nimemwambia baba una hasira za haraka," akasema. "Sikutaka aje azisikie kwa watu." Nilimshukuru kwa mdomo tu.

Gari lenyewe lilikuwa limeteswa. Kwa miaka lilikuwa likiegeshwa chini ya mkanju unaodondosha utomvu, likipigwa na upepo wa chumvi, na kila wiki mtu alikuwa akiliosha kwa sabuni ya unga na kipande cha gunia. Ukilitazama juani, boneti nzima ilikuwa na mikwaruzo ya duara duara, kama tako la sufuria lililosuguliwa kwa makumbi. Jumatano yote niliosha. Niliosha mara mbili, kisha nikapitisha ule udongo wetu laini unaonasa uchafu uliojificha kwenye rangi. Nilifumba macho na kupapasa kila mlango kwa ncha za vidole mpaka sikuhisi hata chembe.

Alhamisi nikabandika tepu za karatasi kwenye mipira na kwenye kingo zote, kwa kuwa rangi ya kingoni ni nyembamba na mashine ya kung'arishia ikikawia pale kidogo tu inaila mpaka chini. Nikaanza na polishi kali, nikamalizia na laini. Mama aliniletea chai akanikuta nazungumza na mlango wa nyuma, nikiubembeleza. Kufikia magharibi ile buluu ilikuwa imerudi, nzito, imeiva, na kwenye buti niliweza kuhesabu meno yangu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Ijumaa asubuhi ilibaki kupangusa kwa spiriti ili kuondoa mafuta ya polishi, kisha dawa. Nilipangusa gari zima, sehemu kwa sehemu. Vitambaa vya kupakia havikutosha, nikatoka mbio kwenda kununua vingine dukani. Sikukawia hata nusu saa.

Mama yangu ni mzaliwa wa Kaloleni, amekulia katikati ya minazi, na kwake mafuta ya nazi hayana lisiloweza. Ni ya nywele, ya magoti, ya bawaba za mlango, ya watoto wachanga. Mimi nikikosa usingizi, mtu mzima hivi, hunipaka utosini. Niliporudi, harufu ilinipokea langoni.

Alikuwa amemaliza boneti, paa na milango yote miwili ya upande wa kulia. Alikuwa na chupa mkono mmoja na kipande cha kanga mkono wa pili, na anatabasamu.

"Nimeona limekauka kauka mwanangu, halina nuru. Leo aja mkweo, nikasema nilipendezeshe."

"Mama! Umeniua! Umeniharibia maisha, mama!"

Nilipiga kelele kweli. Nilirusha vitambaa chini, nikashika kichwa, nikazunguka gari huku nikifoka. Nilimwona akiirudisha chupa nyuma ya mgongo wake kama mtoto aliyekutwa na sukari, na uso wake umesinyaa. Ndipo nilipofika upande wa pili nikayaona magurudumu. Aliyapaka pia. Yaling'aa kama miguu ya mtoto anayepelekwa kuswali Idi.

Nikaangua kicheko. Sikukusudia. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, na mama akanitazama kwa wasiwasi, kisha naye akaanza. Nikaenda nikamshika mkono, umejaa mafuta hadi kwenye kiwiko.

"Nisamehe mama. Sikupaswa kukupigia kelele."

"Yaharibu kweli?"

"Yaharibu. Lakini laoshwa."

"Hodi!"

Ilikuwa saa nne tu, hata adhana ya Ijumaa bado, na mzee alikuwa amesimama langoni na kofia yake. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Akaweka kidole kwenye boneti, akakinusa.

"Mbona lanuka nazi?"

Nakiri kwamba shetani alinipitia. Ningeweza kumwomba arudi baada ya swala, nikapaka dawa juu ya mafuta yale yale, gari likang'aa kama chombo cha fedha, mzee akatoa jibu lake akaenda zake. Lingeanza kubanduka sisi tumeshaoana. Kichupa kilikuwa mfukoni mwangu.

"Halijawa tayari, mzee," nikasema. "Limeingia mafuta. Lazima nilioshe tena na kulipangusa lote ndipo nipake. Ni mpaka kesho. Kosa ni langu, nimepaka mimi."

"Muongo huyo!" mama akaruka. "Nimepaka mimi, kwa mkono wangu huu! Usimnyime kwa ajili yangu, mzee."

"Mama, nyamaza."

"Sinyamazi."

Mzee alitutazama sote wawili. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya kiti.

"Nami nimesikia," akasema. "Nipo hapo nje tangu ulipouawa. Binti yangu alinambia una hasira, nikasema leo wacha nisimame nisikie zakaa muda gani."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Hata sikuwahi kuchoka miguu," akasema mzee. Akakunja mikono ya kanzu. "Nipeni kitambaa. Mlango huu wapanguswaje?"

Nikamwonyesha. Tulifanya kazi watu watatu mpaka adhana ilipoita, mama akiwa kwenye magurudumu, mzee akiuliza maswali juu ya polishi na spiriti na mimi nikijibu, safari hii kwa kifupi. Aliponawa mikono na kuvaa kofia yake, akageukia langoni.

"Kesho siji kulichukua," akasema. "Mtaniletea nyumbani, wewe na mama yako. Na wazee wenu. Msiwaache wazee."

Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye saruji iliyolowa, nikalia mbele ya mkwe wangu bila kuona haya.