Blada Niliyoifunga Mimi

Nilimchukua shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tukaenda Ngara kununua msumeno wa umeme, ule wa bledi ya duara. Hakuwa amekaribia mashine kama hiyo tangu apoteze vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alikuwa amekubali kurudi kwenye karakana yetu ya Satellite kwa sharti moja, kwamba msumeno mpya achague yeye.

Niseme ilivyokuwa, maana nimekaa nayo sana. Chini ya msumeno wa aina hiyo kuna kinga, kifuniko kinachoyafunika meno chenyewe ukimaliza kukata. Ukipasua vipande vyembamba kinga hukwama, na mimi hasira zangu ziko karibu. Asubuhi ya ajali niliivuta juu nikaifunga kwa blada, ile kamba ya mpira wa tyubu tunayofungia kila kitu. Kisha nikatoka nje kupokea simu. Shemeji akauchukua, akakata ubao wake, akauweka mezani bledi ikiwa bado inazunguka, kama alivyozoea, akidhani kinga imeshajifunga. Msumeno ukarudi nyuma kama mbuzi aliyekata kamba, ukampata mkono.

Majirani walipomkimbiza hospitali, mimi nilibaki nyuma kidogo. Nikafungua ile blada, nikaitupa chooni.

Basi lawama zote zikamwangukia yeye. Haraka haraka haina baraka, walisema watu wa kanisani waliokuja kumwona. Mke wangu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alimgombeza mdogo wake mbele ya mama yao, eti kazi anafanya kama mtoto, na mimi nimekaa pale nakunywa chai. Niliona aibu, lakini sikufungua mdomo.

Sasa kule Ngara, mama mwenye duka alitutolea misumeno mitatu. Shemeji aliupita ule mwepesi kwa sababu bamba lake la chini lilikuwa jembamba, ukianguka mara moja tu limepinda. Mkubwa akaurudisha, huo ni wa watu wa kuezeka, alisema, utamchosha mkono akikata mbao za kabati. Wa katikati ungepasua ubao wa inchi mbili hata bledi ikilazwa kukata mshazari. Akainua kinga yake kwa kidole, akaiachilia, ikajifunga. Akainua tena, na tena, hadi mama yule akachoka.

"Fundi, hiyo isikusumbue," akamwambia. "Wenzako huifunga tu juu na blada."

Shemeji aligeuka. Aliniangalia mimi.

"Nikichukua hii, utaiwacha vile iko?"

Nikajua kwamba anajua. Nikashika kaunta. Nikasema pale pale, mbele ya mama wa watu, "Ni mimi niliifunga siku ile."

"Najua. Niliiona hiyo blada nikiwa nimeanguka chini."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ni bwana ya dada yangu. Ningesema aje?" Alikuwa bado ameushika ule msumeno. "Lakini nimechoka kuitwa mjinga."

Tukachukua huo wa katikati. Njiani hatukuongea. Yeye alishuka kwake, mimi nikaendelea hadi nyumbani Mountain View, nikamkuta mke wangu akichambua sukuma wiki. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, hata habari ya choo. Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini kuufichua mbele ya mkeo nako si mchezo. Nilingoja makelele. Hayakuja. Alijipangusa mikono, akachukua simu akampigia mdogo wake.

"Nisamehe," alimwambia. "Nilikuonea." Hakuweza kuendelea, akalia, na mimi sijawahi kujichukia kama saa hiyo.

Kisha akaninyooshea simu. "Na wewe mwombe. Mimi nikisikia."

Ndipo nilipong'amua kwamba kule dukani nilikuwa nimekiri tu. Neno la msamaha halikuwa limenitoka. Nikaishika simu kwa mikono miwili, nikaomba. Shemeji hakusema amenisamehe. Alisema Jumatatu nimngojee karakanani, nisianze kukata kabla hajafika.