Mota Isiyopiga Kelele

Kwa miaka kumi na minne Egide alifanya kazi mahali ambapo hakuna aliyemsikia mwenzake. Injini ya dizeli ya kukobolea mpunga, pale Majimoto kwa tajiri Onesphore, ilinguruma tangu asubuhi hadi jua linazama, na ukitaka kumwambia mtu jambo ulitumia mikono. Ishara karibu zote Egide ndiye aliyezianzisha. Kiganja juu, ongeza mpunga. Ngumi kifuani, mkanda unateleza. Vidole viwili machoni, tazama, mchele unatoka na chenga nyingi. Wapakiaji wapya aliwafundisha siku mbili tu, wakatoka hapo wanaongea kwa mikono bila kubabaika, naye akajiona mwalimu mkuu.

Kumbe injini hiyo hiyo ilikuwa inamla masikio polepole. Na usimwonee huruma ya bure ukadhani hakujua. Alijua vizuri sana. Redio nyumbani ilianza kunong'ona, mkewe Generosa akawa anamwita mara tatu ndipo ageuke, na kengele ya kanisa akabaki kuiona inayumba tu. Lakini kazini nani angegundua? Mbele ya injini ile, kiziwi na mwenye masikio mazima walikuwa sawasawa.

Ilibidi iwe siri. Tajiri Onesphore alikuwa amesikia kwamba kule Usevya mashine imemkata mtu mkono kwa sababu aliitwa hakusikia, na tangu siku hiyo aliapa kuwa mwenye kasoro ya macho au masikio hatasogelea mashine yake. Egide alikuwa na miaka hamsini, shamba la kukodi, na binti yake Joséline yuko kidato cha pili. Akiondolewa mashineni, angeenda wapi?

Kisha injini ya dizeli ikauzwa, ikaletwa mota ya umeme. Watu walishangilia. Haitoi moshi, haigongi, na ukipaza sauti kidogo mwenzako anakusikia. Wiki ya kwanza mikono ilipungua. Wiki ya pili ilikuwa imekufa kabisa, kila mtu amerudi kwenye mdomo wake, na Egide akabaki anatazama midomo.

Hapo ndipo shaka ilipomwingia, ikakaa. Ng'washi, dada wa mizani, alikuwa akimwegemea Malale mpakiaji, wanasema maneno mawili matatu, halafu wote wawili wanamtupia jicho. Akiwasogelea wananyamaza. Malale yule yule aliyekuwa ameomba mwaka jana afundishwe kuendesha mashine! Na siku hizi, popote Egide aliposimama, Malale alikuwa nyuma yake hatua mbili, hata pale ambapo hakuna gunia la kubeba. Ng'washi naye alizuka na tabia ya kumgusa bega kila saa. Wananipima, Egide akajiambia. Wanatafuta ushahidi.

Tajiri akazidisha balaa. Alifungua kundi la WhatsApp la wafanyakazi, na kwa kuwa ni mvivu wa kuandika, maagizo yote akawa anatuma kwa sauti. Egide aliweka simu sikioni kama wengine, akatikisa kichwa taratibu kwa heshima, kisha akasubiri aone wenzake wanaelekea wapi, naye akaelekea huko huko. Siku moja wakati wa chai sauti ikafika. Akamwona Malale amefunua meno, uso umemkunjamana, naye akacheka, akacheka kweli, akajipiga paja. Wote wakamgeukia. Jioni Generosa alirudi kutoka sokoni akamwambia, kwa kelele mpaka majirani wakasikia, kuwa tajiri amefiwa na mama mkwe, na tangazo ametoa asubuhi kwenye simu.

Egide hakulala vizuri. Aibu alikuwa nayo, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Kwa nini Malale alitoa meno kwenye msiba? Alitegwa. Asingeamini vingine hata ungemwapia.

Kesho yake alimbana Ng'washi kwenye mizani.

"Nyie mnaongea nini juu yangu?"

Ng'washi alishtuka, akaangalia huku na huku, kisha akamwinamia sikioni. "Ya kazi tu, baba Joséline! Ya kazi!"

Hilo alilisikia, kwa mbali, kama mtu aliye chini ya kisima. Na kule kuangalia huku na huku ndiko kulikommaliza. Mtu mwenye maneno safi anaogopa nini?

Jumatatu, kabla ya kuwasha mota, Onesphore alifanya kikao chake cha kusimama kando ya magunia. Egide hakungoja afike mwisho. Akajitokeza mbele.

"Tajiri, mimi nina neno. Hawa wawili wananisengenya. Wanataka kuniondoa ili Malale ashike mashine. Nimewaona kwa macho yangu."

Aliona midomo ya Onesphore ikicheza. Yeye akaendelea tu, akaeleza minong'ono, akaeleza kufuatwa nyuma. Ng'washi alikuwa anamtikisia kichwa, macho yamemtoka, kana kwamba anamwomba anyamaze. Egide akampa tajiri mgongo, akazidi kumkazia macho. Leo utasema, dada. Leo utasema mbele ya watu.

Kisha akaona kwamba hakuna anayemtazama yeye. Wote walikuwa wanatazama juu ya bega lake, kitu kilicho nyuma. Malale alijishika kichwa. Egide akageuka, na hapo nyuma, karibu kabisa, amesimama Onesphore, mdomo ndio kwanza unafungwa, jasho la kumwita na kumwita likimtoka shingoni.

Hakuna aliyehitaji kumweleza Egide kilichotokea. Tajiri hakukasirika, afadhali angekasirika. Alimshika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa, akamtoa kando ya mashine, akamwashiria Malale asogee. Malale hakusogea. Aliangalia chini mpaka tajiri alipomwashiria mara ya pili, ndipo akaenda, miguu mizito, akasimama pale alipokuwa anasimama Egide.

Kutoka pale akainua mikono kumwambia Egide kitu. Mikono ikabaki hewani. Katika ishara zote zile hakukuwa na ya pole, wala ya samahani, wala ya sikutaka iwe hivi. Zilikuwa za mpunga na mikanda tu. Malale akaishusha.

Ng'washi ndiye aliyevuta gunia tupu, akachukua kalamu nene ya kuandikia majina ya wateja, akaandika kwa herufi kubwa, machozi yanamdondokea mkononi. Akaligeuza gunia ili Egide asome.

TANGU MWAKA JANA TULIJUA HUSIKII. TULIKUWA TUNAKUFICHA.

Egide alisoma. Akarudia, polepole, neno kwa neno. Akamtazama Malale, akamtazama Ng'washi.

"Nisameheni," akasema, taratibu kabisa kwa jinsi alivyodhani, na kwa namna wote walivyoruka kwa mshtuko akajua amepiga ukelele.