Katambuga za Kabula

Siku hizi asubuhi ya Somanda ina tundu katikati. Majogoo wapo, pikipiki zipo, mashine ya kukoboa mpunga inakohoa kama kawaida, lakini hakuna tena kwato zinazoteremka taratibu kuelekea kisimani, wala sauti ya mwanamume aliyekuwa akimsimulia farasi habari za nyumbani kwake. Akina mama wauza vitumbua bado wanasogeza mabeseni pembeni wakati ule ule. Hapiti mtu. Wanayarudisha mahali pake bila kutazamana.

Mwanamume huyo ni Luhende, mkulima wa pamba na manju wa ngoma. Manju ndiye mtunga nyimbo na kiongozi wa wachezaji. Huku kwetu, pamba ikishauzwa, manju wawili hukutana uwanja mmoja, kila mmoja na kundi lake upande wake, wakacheza kwa wakati mmoja. Hakuna majaji. Watazamaji huenda wanakovutwa, na jua linapozama, mwenye watu wengi upande wake ndiye mshindi. Aliyebaki na mbwa na shangazi zake hurudi nyumbani kwa njia za vichochoroni. Kwa hiyo kila manju hutafuta kivutio. Kuna anayekuja na chatu shingoni, kuna anayekuja na nungunungu. Luhende alikuja na farasi.

Alimpata kutoka kambi moja ya watalii iliyofungwa, na ng'ombe walioondoka zizini kumlipia, mkewe Kwandu anawataja mpaka leo kwa majina. Alikuwa jike jekundu, mpole, mwenye tumbo la mama mkwe. Siku alipofika mvua ilinyesha, akaitwa Kabula, kama mtoto yeyote wa kike wa Kisukuma aliyezaliwa mvua ikinyesha.

Mwaka wa kwanza watu walimkimbilia. Mwaka uliofuata ikaonekana ila yake. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukikauka huwa kama vigae vya chungu, na Kabula, aliyezoea nyasi za kambini, aliingia uwanjani akinyanyua miguu mmoja mmoja kama bibi harusi asiyetaka kufika. Watu walimwonea huruma, kisha wakaenda kwa mpinzani wake, Sayi, manju wa Kiloleli. Baadaye wazee wa kundi walimtembelea Luhende, wakala ugali wake mpaka mwisho, wakanawa, ndipo wakamwambia kwa upole kwamba akishindwa tena, ngoma kubwa aliyoiacha baba yake itakwenda kwa mwingine.

Hapo ndipo suala la viatu lilipoingia nyumbani. Luhende alikuwa ameona kwenye televisheni farasi wa askari wakitembea na vyuma kwatoni, vichwa juu. Kwandu alishika upande wa peku. Alisema ng'ombe wa ukoo wao wamekwenda mnada wa Lalago tangu enzi za mababu na hakuna aliyeomba kiatu. Halafu akatoa hoja yake kubwa.

"Chuma kinaita radi, Baba Lucy. Na huyu tayari anaitwa Mvua. Sasa unataka radi ije na kiti kabisa, ikae?"

"Wale wa askari mbona haiwapigi?"

"Wale ni wa serikali. Radi inawaogopa."

Luhende alimpeleka Kabula kwa Januarius, mhunzi wa majembe, bila kuaga. Januarius aliinua mguu, akautazama kwa muda mrefu, akaurudisha chini kama anayelaza mtoto. Alisema amegonga misumari maisha yake yote, lakini hajawahi kugonga kitu kinachomwangalia.

Ndipo akaja Marcelo, fundi wa katambuga pale sokoni, anayewakatia wachunga ng'ombe viatu vya matairi. Wazo lilikuwa lake. Alimsimamisha Kabula juu ya tairi la lori, akamchora kwa chaki kama mteja mwingine yeyote, akamuuliza Luhende kama farasi anapenda ya kubana au ya kupwaya. Akakata mbili za kushoto na mbili za kulia, ingawa kwato ni duara, kwa sababu fundi hawezi kwenda kinyume na mkono wake. Kamba zilikuwa za ngozi ya ng'ombe. Kwandu alipoziona alicheka mpaka akakaa chini, kisha akazipapasa na kukiri kwamba zimeshonwa vizuri. Chuma hakuna, kwa hiyo radi haikuwa na la kusema. Viatu vipo, kwa hiyo mume naye aliridhika. Kabula hakuulizwa.

Shindano lilikuwa Lalago. Kabula aliingia na katambuga zake, na juu ya kila moja Luhende alikuwa amemfunga njuga, kama mchezaji. Alitembea. Kichwa juu, njuga zikilia, akatembea kama mwenye mashamba yote yale. Watu walimwagika kutoka upande wa Sayi mpaka kule wakabaki wapiga ngoma na bibi mmoja na ungo wake wa karanga. Luhende, juu ya farasi, akaanzisha wimbo wa kejeli: kwamba watu wa Kiloleli wana ziwa zima mlangoni na bado wananawa kwa mate.

Alikuwa hajafika kiitikio kamba ya mguu wa nyuma ilipokatika. Katambuga ikabaki inaning'inia, ikipiga pwa, pwa, pwa. Kabula aligeuka, akaona kitu kinamfuata. Akakimbia. Na uwanjani palikuwa na sehemu moja tu iliyokuwa tupu, ile ambayo watu walikuwa wameihama. Alivuka uwanja wote na manju wake amekumbatia shingo, na umati, ambao haujawahi kuona kitu kama hicho, ukamfuata mbio. Alisimama mbele ya ngoma ya Sayi, akainamisha kichwa kwenye ungo wa bibi, akaanza kula karanga. Jua lilikuwa linazama.

Sayi ni mtu asiyependa maneno. Aliwatazama watu waliojaa upande wake, kisha akainua macho kwa Luhende.

"Ngosha, umeniletea watu."

"Ni wangu," alisema Luhende kutoka juu.

"Wamesimama kwa nani?"

Luhende alitazama uwanja. Ngoma ya baba yake ilikuwa kule ng'ambo, peke yake na wachezaji wake, ndogo kama kinu.

"Wamesimama kwako," alisema.

Sayi akachuchumaa. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alifungua katambuga zote, akaziweka kando.

"Basi malizia wimbo," alisema. "Umetuacha na mate mkononi."

Luhende akamalizia, beti zote, na waliocheka zaidi walikuwa wa Kiloleli.

Wazee wa kundi hawakubadili neno. Ngoma alipewa mwingine kabla pamba mpya haijapandwa. Kwandu, ambaye wazazi wake ni wa Kiloleli, alifunga vyombo bila kuambiwa. Alisema farasi ndiye aliyemtangulia mumewe ukweni, na ameonyesha njia. Katambuga moja imetundikwa kibandani kwa Marcelo, na wapo wateja wanaoijaribu.

Luhende sasa yuko Kiloleli, anaimba katika kundi la Sayi. Kabula anakwenda peku.