Mafuta ya Karafuu

Baba hakununua bastola asiyoijua historia yake. Muuzaji akimwekea mezani kitu kizuri kinachong'aa, yeye aliuliza kwanza: nani alirudi nayo kutoka vitani, na alirudi nayo vipi? Akijibiwa ovyo, aliaga na kuondoka. Ndiyo maana maisha yake yote alikusanya chache tu, zile ndogo za kale za kutia mfukoni, ambazo askari walikuja nazo nyumbani kama kumbukumbu. Zote mitutu yake ilikuwa imezibwa. Ya kwanza ilikuwa ya babu, ilitoka Burma ndani ya soksi.

Kila Alhamisi baada ya alasiri alizipanga juu ya meza ya chakula, kwenye fleti yetu ya Al Baraha, huku ughaibuni, akazipaka mafuta ya karafuu kwa kitambaa. Mafuta ya bunduki ya dukani aliyadharau, alisema yananuka gereji, na sisi watu wa Unguja karafuu ndiyo iliyotulea. Mama alipita na sahani zake akitafuta pa kuziweka.

"Unanuka kama mtu anayeumwa jino," alimwambia.

"Basi nitibu," Baba alijibu.

Maneno yalikuwa hayo hayo kila wiki, na kila wiki walicheka.

Alifariki mwaka jana. Kibali cha kuziweka bastola kilikuwa cha kwake peke yake, kwa hiyo tulitakiwa kuzikabidhi serikalini. Mama aliomba jambo moja tu, kasha la bastola libaki chumbani kwake mpaka amalize eda. Tukaomba muda, tukapewa. Siku moja nilisukuma mlango nikamkuta ameinamia kasha lililo wazi, amefumba macho, anavuta pumzi. Nikaurudisha mlango polepole.

Shangazi, dada yake Baba, alikuja kukaa naye. Ni mwanamke mwema, na mpaka leo nimemkasirikia. Mjane aliye edani hajitii manukato, basi yeye akaipitia nyumba nzima. Chetezo na udi vikafungiwa kabatini, kanzu za Baba zikafuliwa zote. Asubuhi moja Mama akiwa anaoga, Shangazi alizitoa bastola, akaziosha jikoni kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, akazianika roshani juu ya taulo.

Nilikuwepo Mama alipoziona. Aliinua ile ya babu, akaiweka puani, akairudisha. Akachukua nyingine. Alizipitia zote.

"Wifi," alisema taratibu, "mimi nimekatazwa kujitia manukato. Kunusa sikukatazwa."

Shangazi alijishika mdomo, akalia. Alisema alitaka kumsaidia tu, na najua ni kweli. Mama hakulia. Alizirudisha mwenyewe kwenye kasha na hakulifungua tena.

Eda ilipokwisha nililifungua mimi. Unyevu wa hapa hauna huruma, na zilikuwa zimeshika kutu kila mahali.

"Usiwapelekee watu mali ya baba yako hivyo," Mama alisema. Chupa ya mafuta ilikuwa bado kwenye kabati la jikoni. Nikakaa kwenye kiti cha Baba, nikazisugua moja baada ya nyingine kama alivyokuwa akifanya, na roho inaniuma kwa sababu mikono yangu ilikuwa mizito na ya kwake haikuwa hivyo. Kisha nikazipeleka, nikatia sahihi, nikarudi.

Mama alinifungulia mlango.

"Unanuka kama mtu anayeumwa jino," alisema.

Yalimtoka tu. Tulisimama pale mlangoni. Jibu nililijua, ila halikuwa langu. Mama alinishika mikono yote miwili, akajifunika nayo uso, akavuta pumzi ndefu. Nilimwacha avute mpaka atosheke.

Mwisho akaiachia.

"Karafuu tu," alisema, akaenda kupakua chakula.